Kioo cha Inchi Kumi na Nne

9 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya rundo la mbao karakanani, mafundi wenzangu wameenda kunywa chai. Ukikuta vumbi la msumeno ndani ya bahasha usiseme mjukuu wako mchafu, sema anafanya kazi. Mimi mzima. Mama anakusalimu, mguu umepona. Mdogo wangu kapandishwa cheo dukani, sasa anashika funguo, anatembea kama kakabidhiwa mji mzima. Nimekupigia simu mara tatu, ukanikatia mara tatu. Najua, unasema simu inakufokea. Basi tuandikiane.

Habari ya baba si nzuri. Ni macho. Daktari anaiita presha ya macho. Haumwi popote, ila kuona kwake kunaliwa kuanzia pembeni kuja katikati. Kazi ya kuchora mabango ameiacha tangu Desemba. Bango la mwisho, herufi mbili zilitoka nje ya ubao na yeye hakujua, akasimama pale anajipongeza. Mwenye duka ndiye aliyemwambia. Daktari anasema kile kilichobaki huenda kisimalize mwaka.

Sasa nina jambo. Nataka kumtengenezea baba mashine ya gemu, ile ya kusimama kama kabati, kioo usawa wa uso, kijiti cha kuendeshea na vitufe chini yake. Kama ile aliyoijenga na babu alipokuwa kijana. Unajua baba si mtu wa maneno, lakini ya ile mashine anayaongea mpaka chai inapoa. Nataka aicheze angali anaona. Sanduku halinisumbui, mimi ni seremala. Gemu zenyewe siku hizi zinakaa kwenye kikompyuta kidogo kama kipande cha sabuni. Kinachonishinda ni kioo. Kuna televisheni bapa ya inchi thelathini na mbili, nzuri, inang'aa. Kuna na monita ya mraba iliyotupwa na ofisi ya jirani. Sijui nichukue ipi.

Naomba vitu viwili. Daftari la vipimo la babu, kama lipo. Na uniambie mashine yao ilikuwa na kioo cha namna gani. Baba nikimuuliza anasema, "Muulize mama yangu," halafu anatoka chumbani.

Mjukuu wako,
Msumeno


11 Machi

Msumeno,

Marahaba. Barua yako imefika imepasuka kona, vumbi lako limemwagika mezani kwangu na nimelifagia mwenyewe, kwa hiyo usinifundishe neno la kusema. Mimi mzima. Goti la kushoto linalia nikiinuka, nikishakwenda linanyamaza. Paa la jikoni limevuja nimeliziba. Jirani mshonaji kahama na cherehani lake, kaja mwingine mwenye redio, na redio yenyewe haijui kunyamaza. Mwambie mama yako amefanya vizuri kupona. Mdogo wako mwambie funguo si zake, ni za mwenye duka.

Macho ya mwanangu ndiyo nasikia kwako. Desemba, Januari, Februari. Miezi mitatu watu wazima wote hao hakuna aliyeona bibi naye ana masikio, mpaka mlipotaka daftari. Nilipoisoma niliiweka chini ya mto siku nane. Usiniulize kwa nini nimechelewa kujibu.

Sasa hilo la gemu. Mtu anapoteza macho, wewe unamtafutia kitu cha kumalizia macho. Haya. Lakini umeuliza, nitakujibu, maana mimi darasa la tatu niliondolewa lakini uongo sikufundishwa.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa televisheni, hilo unalijua. Unalojua wewe ni la kusimuliwa, mimi niliishi nalo. Nyumba nzima imejaa maiti za televisheni za watu, huwezi kukaa kwenye kiti mpaka uhamishe nyaya. Akibeba televisheni aliikumbatia kifuani, uso wake umegeukia tumbo lake, anatembea kama mjamzito. Nilikuwa nikimcheka, "Mkeo mimi hujanikumbatia hivyo." Baba yako alipofika miaka kumi na saba wakaanza hiyo mashine wawili. Sanduku walilitoa wapi? Kabati langu la vyombo, nililoolewa nalo. Nimetoka sokoni nakuta sahani zangu zimepangwa sakafuni na kabati lina tundu la mraba kifuani. Babu yako anasema, "Mke wangu, usikasirike, njoo uone." Nikaona. Kigari chekundu kinaruka mashimo. Barabara ishirini, ukimaliza moja unaingia nyingine. Basi wakapotea humo wote wawili, na vijana wa mtaa mzima wakahamia barazani kwangu.

Baba yako akafeli mtihani. Siku ya majibu nilirudi na ile karatasi mkononi nikamkuta amesimama pale pale anaruka mashimo. Nikamwita mara moja. Akasema bila kugeuka, "Mama ngoja, nimebakiza moja tu." Mimi nikasubirishwa na kigari! Nikachomoa waya ukutani. Kisha nikaenda kuchukua shoka. Kabati lilikuwa langu, nikalipasua, likapikia siku nne. Kioo nilimpa mtu wa vyuma chakavu, na ndivyo nilivyomwambia. Wiki haikuisha baba yako akafunga begi. Hiyo ndiyo habari ya kioo, na imekwisha.

Daftari sijaliona. Nunua hilo bapa kubwa, mtu asiyeona anunuliwe kitu kikubwa, hilo halihitaji fundi.

Bibi yako

Nimesahau. Rangi bado anaziona?


6 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Tumefurahi goti linanyamaza. Mama anasema ukipanda tena juu ya paa atakuja mwenyewe kukushusha. Hapa wazima, karakana imepata kazi ya madawati, mikono yangu imejaa vibanzi.

Rangi anaziona, nyekundu zaidi.

Nilikusikiliza nikanunua lile bapa. Nikalifunga kwenye sanduku, nikamsimamisha baba mbele yake, nikamwekea gemu ile ile ya kigari. Bibi, laiti ungekuwepo. Akawa anageuza kichwa kulia, kushoto, juu, kama kuku anayetafuta punje. Kigari kipo upande huu, shimo lipo upande ule, yeye anakiona kimoja tu kwa wakati. Akanishika bega akacheka, "Mwanangu, mimi naona kama nachungulia ndani ya bomba. Umeniletea uwanja wa mpira." Kumbe ndivyo ulivyo ugonjwa wake. Kinachomfaa si kikubwa, ni kidogo kinachoenea chote ndani ya lile bomba.

Na kuna jingine. Hizi bapa zinapokea picha, zinaifikiria kwanza, ndipo zinaonyesha. Anabonyeza kitufe sasa, kigari kinaruka baadaye kikiwa tayari kimo shimoni. Akasema kwenye ile ya zamani kigari kiliruka kabla kidole hakijainuka. Akaniambia na kioo chenyewe hatimaye, mama alikuwa ameenda sokoni, kwa hiyo baba akapata nafasi ya kusema. Televisheni ya chogo, ile yenye mgongo mnene nyuma, inchi kumi na nne, kasha la rangi ya kahawia. Juu kushoto ina alama ya kuungua, aliiegemeza pasi ya kulehemu akasahau, babu akampiga kofi moja halafu akamnunulia soda.

Nimezunguka mafundi wanane. Chogo hakuna, walizivunja zote kutoa shaba.

Bibi, usinikasirikie. Nilipokuwa mdogo nikija likizo, chumbani kwako kulikuwa na meza ndogo iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, ulikuwa ukiweka taa na dawa zako juu yake. Siku moja mpira wangu uliingia nyuma yake. Ulinichapa kabla sijaufikia. Nakumbuka niliona waya.

Ile meza bado ipo?

Msumeno


28 Aprili

Msumeno,

Marahaba. Mimi mzima. Paa sipandi tena, mwambie mama yako abaki na nauli yake.

Meza ni meza. Mtoto wa miaka sita anaona waya kila mahali, kwenu mnalelewa na nyaya. Mimi nina kitu cha kuwekea taa, nimekuwa nacho zaidi ya umri wako, na sijaombwa ruhusa na mtu kuwa nacho. Ukiniuliza tena nitajua unanihoji, na aliyezaliwa na niliyemzaa hanihoji.

Kwani baba yako amekutuma? Amesema neno lolote? Yeye kaja hapa mara moja tu tangu aondoke, siku ya kumzika baba yake, akasimama getini kama mtu wa kusoma mita ya umeme. "Shikamoo mama." "Marahaba." Tukaishia hapo. Kama kuna kitu anakitaka kwangu ana mdomo, na kama mdomo unamshinda ana mkono wa kuandikia, mabango ya mji mzima kaandika yeye.

Tumia hiyo monita ya mraba. Mraba ni mraba.

Bibi yako

Ukisema inchi kumi na nne, zinapimwa kutoka wapi kwenda wapi? Kona kwa kona au upande kwa upande? Na fremu inahesabiwa au kioo chenyewe tu?


17 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu, si kwa kukosa nafasi. Nilikuwa na hasira nikasubiri ziishe. Hapa wote wapo. Mama kakufumia shali, italetwa.

Inapimwa kona kwa kona, kioo tu.

Monita ya mraba niliifunga. Ukubwa unamtosha, hilo ulisema kweli. Kuruka inaruka haraka kidogo kuliko bapa. Lakini picha yake imechongoka, kila kidoti kimesimama peke yake kama msumari, inamchoma. Kwenye chogo picha ilikuwa laini, rangi zimeshikana mikono. Alicheza barabara tatu akafumba macho, akaniambia "Asante mwanangu," kwa ile sauti ya kumshukuru mtu aliyekupa shati lisilokutosha.

Bomba lake limezidi kuwa jembamba. Mwezi wa nne lilikuwa kama mdomo wa kikombe, sasa anasema ni kama tundu la ufunguo. Jana alimimina chai pembeni ya kikombe.

Sikuulizi kuhusu meza. Nakuandikia tu jambo la ufundi, likikutana na mtu wa kumfaa, umpe. Televisheni ya chogo ikisafirishwa ilazwe kifudifudi, uso chini, juu ya kitu laini. Uzito wote uko kwenye kile kioo cha mbele. Nyuma, ndani ya chogo, bomba la kioo linaishia kwenye shingo nyembamba kama ya chupa ya manukato. Ukiilaza chali, uzito unaikalia shingo, na shingo ikipasuka hakuna fundi.

Ni hilo tu.

Msumeno


14 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Shali nitaivaa ikifika. Leo nina maneno mengi na mkono wangu ni mzito, ukikuta herufi zimepandana zitenganishe mwenyewe.

Mtu wa vyuma chakavu sikumpa.

Nimeanza na hilo ili nisije nikaligeuza njiani. Siku ile nilipasua kabati, nikaifikia ile televisheni na shoka langu juu. Babu yako alikuwa amekaa pale nyuma kwenye kigoda, hakunizuia. Angenizuia ningeipiga. Alisema tu, "Hiyo imefungwa na mikono ya mtoto." Nikashusha shoka. Nikaibeba mwenyewe mpaka chumbani nikaifunika. Baba yako alikuwa ametoka nje tangu niliposhika shoka, na aliporudi na kuuliza nikamwambia nimempa mtu wa vyuma chakavu, nilitaka imuume. Nikajiambia atalia siku mbili, ataomba radhi kwa ule mtihani, ndipo nitaifunua. Hakulia. Hakuomba. Akafunga begi. Nami nikasema atarudi, akirudi nitaifunua. Na alipokuja mazikoni nilikuwa na kitambaa kile mkononi mwangu, Msumeno, nilikuwa nimeshakivua, akaniamkia akiwa getini na nikakirudisha.

Miaka ishirini na tisa. Taa juu yake, dawa juu yake. Kila Jumamosi nafuta vumbi. Babu yako hakusema kitu mpaka kufa kwake, ila alikuwa akipita anaipigapiga mgongoni kama anayempita ng'ombe wake.

Uliponiandikia mwezi wa pili ningeweza kujibu kwa mistari miwili. Ninayo, njooni mchukue. Nikaandika kurasa tatu za matusi. Hesabu za miezi nimezifanya, usinifanyie.

Wiki iliyopita nilimwita fundi wa redio, yule aliyefundishwa kazi na babu yako, siku hizi naye ana mvi. Akaifungua, akaipuliza, akabadilisha vidude viwili, akachomeka. Nikasema haiwezi. Ikawaka. Haikuwa na picha, chengachenga tu na ule mlio wa mvua. Fundi akasema, "Mama, bomba lake zima kama limetoka dukani." Nilikaa kitandani nikatazama chengachenga mpaka fundi akaniuliza kama nina neno la kumwambia. Nikamwambia aende.

Nimeituma. Kuna dereva anaendesha lori la magodoro, anapita mjini kwenu kila wiki ya pili, mtu wa adabu. Nimeifunga kwa blanketi langu na kitambaa chake nimekiweka ndani. Daftari la vipimo liko humo pia, lilikuwa kwenye droo, nililiona mwezi wa tatu, nilikudanganya. Nimesema uongo sikufundishwa. Nilijifundisha.

Hayo ya kifudifudi nimeyasoma. Dereva naye akaja na hayo hayo, "Mama, hii tuilaze kifudifudi juu ya magodoro." Nikamwambia, "Baba, kitu kilichokaa chumbani kwangu miaka yote hiyo hakisafiri uso chini kama mlevi aliyeokotwa mtaroni." Akasema, "Lakini mama, hizi ndivyo..." Nikamwambia, "Wewe una magodoro, mimi nilikuwa na mume fundi." Akapanda kupanga magodoro. Tumeilaza chali vizuri, inatazama juu, magodoro manne chini na mawili kila ubavu. Hata mimi ningelala pale. Usiwe na wasiwasi.

Mwambie baba yako kwamba. Hapana. Usimwambie kitu, mpe tu.

Bibi yako


5 Agosti

Bibi yangu,

Shikamoo. Wote tuko salama, shali imekabidhiwa kwa dereva, rangi ya kijivu.

Mzigo umefika. Barua hii ni ya nne, tatu nimezichana.

Nilianza kujua nilipoinyanyua. Kitu kilikuwa kinatembea ndani yake. Nikaifungua karakanani mlango ukiwa umefungwa, kabla baba hajaijua. Shingo imekatika, Bibi. Vipande vimejaa chini ya kasha. Dereva anasema barabara ya kokoto ilikuwa mbaya siku ile, na kwamba alikwambia. Nikamwambia aishie hapo. Fundi mwenzangu aliangalia akavua kofia tu.

Nilitaka kukudanganya kwamba imewaka. Halafu nikakumbuka uongo umeshaila familia hii vya kutosha.

Nililileta kasha nyumbani. Baba akauliza, "Nini hicho?" Nikasema aguse. Akakigusa. Mkono ukapita mbele, ukapita ubavuni, ukapanda juu kushoto, ukafika kwenye ile alama ya kuungua na kusimama hapo. Mama alizima jiko. Baba akakizungusha kidole juu ya ile alama, akasema, "Mama aliniambia alimpa mtu wa vyuma." Nikamsomea barua yako ya Julai. Najua hukuniruhusu. Nilipofika kwenye kitambaa pale getini akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Nilipofika kwenye chali na kifudifudi akaangusha kicheko kimoja, ukubwa wa chafya, na baada yake akafunika uso.

Tumefanya tulivyoweza. Nimetoa bomba lililovunjika, nimeipachika ile monita ya mraba ndani ya kasha la kahawia, na mbele yake nimeweka karatasi nyembamba ya kuchorea kupunguza makali ya picha. Spika ni ile ile ya zamani, haikudhurika. Kabati nimelijenga kwa vipimo vya daftari, nusu inchi kwa nusu inchi. Haikufanana na chogo, nisikudanganye. Anachoona ni wekundu wa kigari tu ukipita kwenye lile tundu la ufunguo, basi. Anacheza kwa masikio. Anasema spika inamwambia shimo liko wapi.

Juzi alifika mbali. Nikahesabu nyuma yake. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Barabara ya ishirini ilipofunguka akaondoa mikono kwenye vitufe. Nikamwambia, "Baba, imebaki moja!" Akasema, "Zima." Hakuwa amechoka. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia nimsaidie kufika kitini.

Nimemuuliza mara mbili kama ana neno la kukuandikia. Kitambaa chako tu ndicho alichoomba, anakaa nacho magotini.

Msumeno


26 Agosti

Msumeno,

Marahaba. Shali imefika, nimeivaa, ni ndefu kidogo lakini mama yako hakunipima. Goti zima. Mwenye redio nimeongea naye, amepunguza.

Nimeivunja mimi. Sitazunguka. Ile siku ya shoka sikuivunja, nikaja kuivunja kwa magodoro. Umesema uzito wote uko kwenye uso. Babu yako alizibeba televisheni mbele ya macho yangu miaka thelathini, uso tumboni kwake, shingo nje bila kubanwa na kitu, na mimi nilikuwa nacheka. Ningemuuliza siku moja tu, "Kwa nini unaikumbatia hivyo?" angenieleza kwa furaha, alikuwa hapati wa kumuuliza. Dereva amenieleza. Wewe umenieleza kwa maandishi. Wote nimewajibu kwamba nina mume fundi, na mume fundi nilikuwa naye kweli.

Na kama ningeituma Machi hata ikavunjika, mngekuwa na muda wa kutafuta nyingine baba yako angali ana macho. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri.

Mahali ilipokuwa sakafu imebaki nyeupe, mraba. Nimefagia, haitoki. Sijaweka kitu. Taa nimeiweka chini.

Umeniuliza bila kuniuliza kwa nini aliacha kwenye ile ya mwisho. Si macho na si uchovu. Wewe hukuwepo. Siku ile alisimama hivyo hivyo, kumi na tisa zimekwisha, akaniomba kitu kimoja tu na sikumpa. Hakunitukana. Hakunijibu vibaya. Alinisemesha vizuri kama mtoto anavyomsemesha mama yake, akiwa na hakika nitamsikia. Mtihani nimeshausahau ulikuwa wa somo gani. Sauti ile sijaisahau.

Kwa hiyo umsomee hapa, na umsomee polepole, na mama yako azime jiko.

Mwanangu. Mimi mama yako. Kuomba radhi sijui kunaanzia wapi, nimeshaanza mara tano nikafuta, karatasi imetoboka utaigusa mwenyewe. Nimekaa kwenye kiti cha baba yako, karatasi ya mtihani sina mkononi, shoka nililitupa mwaka ule ule. Waya sitaugusa. Simama mbele ya mashine yako, uwashe, na ile moja uliyobakiza uimalize, hata ikichukua mwaka, hata uanguke shimoni mara mia. Halafu mwambie mwanao aniandikie kama ulifika.

Uliniambia mama ngoja. Nangoja.